Namna ya Kujiandaa kwa Kazi ya Uongozi wa Ligi ya Mpira wa Kikapu Ukianzia Malindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa kijana wa Malindi, awe wa kiume au wa kike, aupendaye mpira wa kikapu na ambaye angependa siku moja kufanya kazi katika uongozi wa ligi ya kulipwa, iwe ni ligi ya taifa, Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ijulikanayo kwa kifupi kama BAL, au hata NBA yenyewe, ligi ya kulipwa ya Marekani. Kazi hiyo ipo, ina mishahara na ina ngazi zake za kupanda, na kwa kuwa NBA Afrika sasa ina ofisi Nairobi, imetukaribia sisi wa Pwani kuliko ilivyokuwa zamani. Hata hivyo, ninaamini kwamba kazi hii haianzii ofisini. Huanzia kwenye meza iliyo kando ya uwanja, mahali ambapo mtu mmoja ameshika saa, mwingine anaandika pointi, na timu mbili zimekubali kwamba kitakachoandikwa hapo ndicho kitakachosimama. Asiyeweza kuifanya meza hiyo iaminike hapa mtaani hataweza kuifanya ligi ya mataifa mengi iaminike.

Kiongozi wa ligi hufanya nini

Kocha hutaka timu yake ishinde, na mmiliki hutaka klabu yake ipate faida. Kiongozi wa ligi hana timu. Yeye hushughulikia mashindano yenyewe: yafae kutazamwa, yaendeshwe kwa haki, na yawe na fedha za kuyafikisha mwisho wa msimu. Ndani ya jukumu hilo mna ratiba, kanuni, uteuzi wa waamuzi, nidhamu, mikataba ya wachezaji, udhamini, haki za matangazo, na usalama wa watu wanaoingia uwanjani.

Uzito wa kazi hii unaonekana katika historia ya NBA. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers kwa pointi 19 kwa 18, kwa sababu Pistons waliamua kuushikilia mpira bila kuurusha kikapuni na hapakuwa na kanuni ya kuwazuia. Mchezo wa namna hiyo hauna mtazamaji wa kurudi tena. Mwaka 1954 Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alipendekeza dawa: alichukua dakika 48 za mchezo, ambazo ni sekunde 2,880, akazigawanya kwa mitupo 120 ambayo aliiona kuwa ndiyo idadi ya mchezo uliochangamka, akapata 24. Ligi ikaipitisha saa ya sekunde 24, yaani timu yenye mpira lazima iurushe kikapuni kabla ya sekunde hizo kwisha, na mpaka leo hata mechi za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, huchezwa kwa saa hiyo. Wachezaji walikuwa ni wale wale na viwanja ni vile vile, lakini uamuzi mmoja wa watu wa utawala ulitosha kuuokoa mchezo.

Upande wa fedha nao una historia yake. Msimu wa 1984–85 NBA ilianza kuweka kikomo cha mishahara, na kikomo cha kwanza kilikuwa dola milioni 3.6 kwa kila timu. Mwaka 2024 ligi hiyo hiyo ilitia saini mikataba ya matangazo ya miaka 11 yenye thamani ya takriban dola bilioni 76. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 30 ya David Stern, aliyekuwa kamishna kuanzia 1984 hadi 2014, kisha Adam Silver aliyempokea. Yeyote anayetaka kazi hii aisome miaka hiyo kwa makini, pamoja na migogoro yake, kwa kuwa msimu wa 1998–99 ulipunguzwa hadi mechi 50 kwa kila timu na ule wa 2011–12 hadi mechi 66, kwa sababu wamiliki na wachezaji hawakuelewana kuhusu mgawanyo wa mapato.

Walioshika kazi hiyo walitoka wapi

Maurice Podoloff, rais wa kwanza wa ligi iliyoanzishwa mwaka 1946 na ikaja kuwa NBA, alikuwa mwanasheria aliyekuwa tayari anaongoza ligi ya hoki ya barafuni, wala hakutoka katika mpira wa kikapu. Stern alikuwa wakili kabla ya kuingia NBA mwaka 1978 kama mwanasheria wake mkuu. Silver, naye mwanasheria, aliingia mwaka 1992 akiwa msaidizi maalumu wa kamishna, akangoja zaidi ya miaka 20 kabla ya kukalia kiti. Val Ackerman, rais wa kwanza wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, alicheza katika Chuo Kikuu cha Virginia, kisha akasomea sheria. Cathy Engelbert, aliyeteuliwa kamishna wa WNBA mwaka 2019, alitoka katika uhasibu, ambako alikuwa mtendaji mkuu wa Deloitte nchini Marekani.

Anayepaswa kutufundisha zaidi sisi ni Amadou Gallo Fall wa Senegal. Alipata elimu Marekani kupitia mpira wa kikapu, akaanzisha nchini kwake mradi wa SEED unaounganisha mchezo na shule, akafanya kazi ya kutafuta vipaji katika klabu ya Dallas Mavericks, kisha akapewa na NBA jukumu la kuiendeleza kazi yake Afrika ilipofungua ofisi Johannesburg mwaka 2010. Mwaka 2019 aliteuliwa rais wa BAL, ligi iliyoundwa na NBA kwa ushirikiano na FIBA. Msimu wake wa kwanza ulipaswa kuanza Machi 2020, ukaahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, ukaanza Kigali tarehe 16 Mei 2021 kwa timu 12.

Ukiwatazama watu hao utaona kwamba wengi wao waliingia na taaluma mkononi, na Fall aliingia na kazi aliyokuwa ameshaianzisha kwao. Kijana wa Malindi ambaye bado hana taaluma anaweza kuanza na hilo la pili, huku akisoma.

Endesha mashindano madogo, na uyamalize

Neno zito katika kichwa hiki ni kuyamaliza. Mashindano mengi ya mitaani hufunguliwa kwa jezi mpya na spika kubwa, yakafia raundi ya tatu kwa sababu ratiba iliandikwa bila kuwatazama watu watakaoiishi. Kwa hiyo anza na ratiba, na uipe muda mwingi kuliko kitu kingine chochote.

Chukua timu nane. Zikikutana kila moja na kila nyingine mara moja, mechi ni 28, yaani raundi saba za mechi nne nne. Ili usikosee, andika majina katika safu mbili za timu nne nne zinazotazamana. Zinazotazamana ndizo zinazocheza raundi hiyo. Kwa raundi inayofuata, timu ya kwanza ibaki mahali pake na saba zilizobaki zizunguke hatua moja, na uendelee hivyo hadi raundi ya saba. Ukifanya hivi hakuna timu itakayokutana na mwenzake mara mbili wala kukaa bila mechi.

Sasa tafuta saa za kuchezea. Mechi ya FIBA ina robo nne za dakika kumi kumi, lakini ukiongeza mapumziko, madhambi na mitupo huru, itakula saa moja na nusu au zaidi. Malindi jua huwa limezama kabla ya saa moja kasorobo mwaka mzima, na viwanja vingi vya mtaani havina taa, kwa hiyo baada ya swala ya alasiri una nafasi ya mechi moja kamili, pengine na mchezo mfupi wa watoto. Mechi nyingine iweke saa moja na nusu asubuhi, kabla ya joto. Ukicheza Jumamosi na Jumapili, hizo ni mechi nne, ambazo ni raundi nzima, na ligi ya mzunguko mmoja inaisha kwa wiki saba. Vijana wadogo wasipangiwe asubuhi, kwa sababu siku hizo wengi wao huwa madrasani. Mechi za wasichana zimalizike mapema vya kutosha ili wachezaji wafike nyumbani kabla ya magharibi, maana mzazi akishaingiwa na wasiwasi mara moja, binti yake hutamwona tena uwanjani. Mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja, uachwe wazi, au ujazwe michezo mifupi ya usiku ikiwa taa zipo na muda baada ya tarawehe unaruhusu. Masika nayo uyaheshimu, kwa kuwa uwanja wa saruji uliolowa huvunja vifundo vya miguu. Wakati wa kusi pia, upepo wa alasiri huupeleka mpira wa mbali kando ya kikapu, na timu iliyozoea kurusha kutoka mbali italalamika kwa haki. Mechi za uzito zipeleke asubuhi.

Ikiwa utaalika timu kutoka Lamu, kumbuka kwamba wachezaji wake watavuka kwa boti hadi Mokowe kabla ya kushika barabara ya zaidi ya kilomita 200. Usiwaite kwa mechi moja. Wapangie mechi Jumamosi na nyingine Jumapili, ili nauli moja izae michezo miwili, hata kama itakubidi kuzibadilishana mechi za raundi mbili. BAL yenyewe inafuata hesabu ya namna hii: badala ya kuzirusha timu kwa ndege kila wiki kutoka nchi hadi nchi, huzikusanya kwa makundi katika mji mmoja zikacheza mechi kadhaa, kama ilivyofanya mwaka 2025 katika miji ya Rabat, Dakar na Kigali kabla ya kwenda Pretoria kwa hatua ya mwisho.

Mahali ambapo uwanja kamili wa mita 28 kwa 15 haupatikani, kama ilivyo sehemu nyingi za Lamu mjini, endesha mchezo wa watatu kwa watatu. Huo unahitaji kikapu kimoja na eneo la mita 15 kwa 11, timu ya watu wanne akiwemo wa akiba, na huchezwa kwa dakika kumi au hadi timu moja ifikishe pointi 21, kwa saa ya sekunde 12. Uliingia Olimpiki katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, hivyo mtu asikudharau kwa kuanza nao.

Meza, kanuni na malalamiko

Meza ya FIBA ina mwandishi wa pointi, msaidizi wake, mshika saa ya mchezo na mshika saa ya sekunde 24. Wafundishe watu hawa kabla ya msimu, uwalipe posho hata kama ni ndogo, na usimkubalie kamwe ndugu wa mchezaji kukaa mezani siku ambayo ndugu yake anacheza. Fomu ya mechi itiwe saini na waamuzi, nakala zikabidhiwe timu zote mbili kabla ya watu kuondoka, na matokeo pamoja na msimamo yatangazwe usiku huo huo.

Kanuni ziandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na manahodha wazisome kwa sauti katika kikao cha kwanza. Huna haja ya kubuni, kwa kuwa FIBA imeshafikiri kabla yako: mshindi hupata pointi mbili, aliyeshindwa moja, na timu iliyonyang'anywa mechi kwa kutofika hupata sifuri huku matokeo yakiandikwa 20 kwa 0. Timu ambayo dakika 15 baada ya saa iliyopangwa haina wachezaji watano tayari kucheza imepoteza mechi. Timu mbili zikilingana katika msimamo, kwanza hutazamwa mchezo waliokutana wenyewe kwa wenyewe. Ukiyasema haya mwezi mmoja kabla, ni kanuni. Ukiyasema siku ya fainali, utaonekana unaipendelea timu fulani, na hakuna maelezo yatakayoiondoa dhana hiyo.

Hapa ndipo tabia ya kiongozi hupimwa. Timu itakayofika dakika 16 baada ya saa yake huenda ikawa ya rafiki zako, au ya mtaa uliokupa uwanja. Ipe hasara yake, uandike sababu kwa aya moja, na uipe nafasi ya kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa, mbele ya watu watatu ambao wewe si mmoja wao. Mimi ningemwajiri kijana mwenye uamuzi mmoja wa namna hiyo, ulioandikwa vizuri na ukadumu, kabla ya mwenye vyeti vinne vya semina.

Kuna mambo mawili ambayo hayana rufaa. La kwanza ni kamari. Mwaka 2007 iligundulika kwamba mwamuzi wa NBA, Tim Donaghy, alikuwa akiweka dau katika mechi na kuwapa wacheza kamari habari za ndani. Alikiri makosa mahakamani na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Mwaka 2024 mchezaji Jontay Porter alifungiwa maisha kwa makosa ya namna hiyo. Kwa vile simu za vijana wetu zimejaa kamari, kila mchezaji, mwamuzi na mtu wa meza atie saini kwamba hatacheza kamari yoyote inayohusu ligi anayoshiriki. La pili ni ulinzi wa watoto. Uchunguzi ulioagizwa na FIBA mwaka 2021 kuhusu mpira wa kikapu wa Mali ulionyesha jinsi wasichana walivyonyanyaswa kingono kwa muda mrefu huku waliopaswa kuwalinda wakinyamaza. Ligi yako iwe na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wanaojulikana kwa jina na simu kwa kupokea malalamiko. Kocha asisafiri peke yake na mtoto. Na picha au tarehe za kuzaliwa za wachezaji zisisambazwe ovyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata waandaaji wadogo.

Fedha

Fungua akaunti ya ligi yenye saini za watu wawili au zaidi, wala usikusanye viingilio kwa namba yako ya M-Pesa, hata kwa wiki moja. Bandika hesabu kila baada ya raundi: kilichoingia, kilicholipwa waamuzi, maji, barafu, sanduku la huduma ya kwanza, na rangi ya vyuma vya kikapu ambavyo hewa ya bahari huvila haraka. Unapokwenda kwa mwenye hoteli au mwenye duka kuomba udhamini, nenda na karatasi moja yenye ratiba, idadi ya watazamaji mliowahesabu, na mahali jina lake litakapoonekana. Umwamkie kwa adabu, umwache amalize shughuli zake, usiende Ijumaa karibu na swala, na usimfuate hoteli ikiwa imefungwa kwa msimu mbaya wa wageni. Baada ya fainali rudi kwake na hesabu na picha hata kama huna la kuomba. Wengi hawarudi, na ndiyo maana mwaka wa pili hawapewi.

Kuiingiza ligi katika mfumo, na kusoma

Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo na Mahakama ya Migogoro ya Michezo, na inataka mashirika ya michezo yasajiliwe, kuanzia klabu, vyama vya kaunti hadi vya taifa. Isome sheria yenyewe, sajili klabu au chama chenu, na mfanye kazi chini ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya badala ya kujitenga nalo. Omba kushiriki mafunzo ya waamuzi na ya watu wa meza yanapotolewa, kisha nenda Mombasa siku za mechi za ligi kuu, ambako timu za Mamlaka ya Bandari, hasa ya wanawake, zina jina kubwa nchini, ujitolee kazi yoyote ya uwanjani.

Kuhusu masomo, usitafute kwanza kozi yenye neno michezo. Sheria, uhasibu au biashara zitakupa mkate hata ligi isipokuajiri, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, karibu na nyumbani. Mitihani ya uhasibu ya KASNEB nayo waweza kuifanya huku ukifanya kazi. Kozi fupi za watendaji wa michezo zinazoungwa mkono na Mshikamano wa Olimpiki hupitia kamati ya Olimpiki ya taifa. Jifunze Kifaransa kwa bidii. Ofisi ya FIBA ya Afrika iko Abidjan, na sehemu kubwa ya mashirikisho ya bara hili huandikiana kwa lugha hiyo. Watoto wa Malindi wanaozungumza Kiitaliano barabarani wameshathibitisha kwamba lugha ya nne si mzigo kwao.

Kuomba kazi

Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, na klabu inapofika huko huhitaji watu wa safari, wa mikataba, wa mawasiliano na wa takwimu. Nafasi za mwanzo katika ligi nazo huwa katika uendeshaji wa mechi: usafiri wa timu, vitambulisho, ratiba za mazoezi, huduma kwa waamuzi. Barua yako iombe nafasi mahususi miongoni mwa hizo. Kusema kwamba uko tayari kufanya kazi yoyote humwachia msomaji kazi ya kukutafutia mahali, naye hana muda huo.

Ambatanisha jalada lenye ratiba ya msimu kama ilivyopangwa na kama ilivyochezwa hasa, fomu mbili au tatu za mechi ambazo majina ya watoto yamefutwa, uamuzi mmoja wa rufaa, hesabu za mwisho zilizotiwa saini, na barua ya mdhamini aliyerudi mwaka wa pili. Mechi zilizoahirishwa zieleze moja moja: ilikuwaje, uliiarifu timu saa ngapi, na ilichezwa lini. Ukiitwa kwenye usaili, hilo ndilo watakalokuuliza zaidi, basi beba nakala ya ziada ya kuwaachia.